Masaa Matano na Dakika Hamsini na Mbili

Kijiwe chetu kipo Nyamongo, pale barabara ya vumbi inayotoka Nyamwaga inapokutana na ile ya kwenda mgodini, mbele ya banda la kuchaji simu. Ni benchi mbili za mbao na jiko la mkaa la Bernadetha. Wachimbaji hunywa kahawa yake kabla ya kushuka maduarani, yale mashimo ya dhahabu, na vijana wa bodaboda huinywa kabla ya kugombania abiria. Mimi nakaa pembeni na boksi langu la nyuzi na sindano, nashona viatu, ndiyo maana wananiita Gundi. Wenzangu wa kila siku ni wawili. Wa kwanza ni Otieno, dalali wa mahindi, aliyewahi kuishi Kisumu miaka minne na tangu hapo anaamini hakuna jambo la Kenya linaloweza kumpita. Huyo ni Pasipoti. Wa pili ni Masanja, Msukuma aliyefuata dhahabu huku akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Tunamwita Karasha, kama ile mashine ya kusagia mawe, kwa namna anavyotafuna kashata. Asubuhi hiyo ya Jumatano tulikuwa tunamngoja mwenzetu Mseti arudi kutoka Nairobi, alikokwenda kukimbia zile mbio kubwa za jiji, kilomita arobaini na mbili.

— Masaa matano na dakika hamsini na mbili, Karasha alisema, akiitazama simu kama mtu anayetegemea namba zimebadilika tangu jana.

— Acha kuisoma, alisema Bernadetha. Haitapungua.

Ujumbe huo alikuwa ameutuma mama mdogo wake Mseti, Waisiko, aliyeolewa upande wa Kehancha na sasa anakaa Nairobi. Ulikuwa na mistari miwili. Nusu ya kwanza ya mbio: saa moja na dakika hamsini na nane. Mbio nzima: masaa matano na dakika hamsini na mbili. Basi, hakuna zaidi. Na sisi tumezoea kumwona Mseti, mtu wa miaka thelathini na saba anayebeba mifuko ya mawe kutwa nzima, akikimbia kila alfajiri kutoka kwao Nyamwaga hadi hapa, na jioni akirudi kwa miguu hiyohiyo. Alituahidi kwa mdomo wake kwamba atamaliza chini ya masaa manne. Kijiwe kikaitangaza ahadi hiyo mpaka Sirari.

— Nusu ya kwanza amekwenda kama swala, nusu ya pili kama jiwe, alisema Karasha. Hapo katikati kuna jambo.

— Jambo lenyewe ni chai, alisema Pasipoti. Nyie hamuijui Kenya. Kule mbio zikifika katikati watu wanaandaliwa chai ya maziwa na mandazi. Mkenya anakunywa huku anakimbia, amezoea toka utotoni. Mseti akakaa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji kapona, kaenda zake, mgeni kabaki na kikombe.

— Masaa mawili ya chai? nikamuuliza.

— Gundi, wewe hujaviona vikombe vyao.

Karasha akatikisa kichwa.

— Mimi nasema alipotea. Mji ule una barabara juu ya barabara. Unaambiwa nyoosha, unanyoosha, unashangaa umetokea kwenye harusi ya watu. Na ukishaikuta harusi huwezi kupita tu. Mwacha mila ni mtumwa.

— Aingie harusini na kaptula? aliuliza Bernadetha.

— Hapo ndipo alipochelewa sasa. Wamtafutie kwanza suruali.

— Haya, ngojeni niwape ukweli wenyewe, alisema Pasipoti, akikisogeza kikombe chake ili nafasi ya ukweli ipatikane. Alishikwa. Aliulizwa karatasi za kuvukia mpaka, karatasi ziko kwenye begi, begi liko kwa mama mdogo. Wakamwambia, kama kweli wewe ni Mtanzania, hebu ongea Kiswahili. Akaongea. Wakakisikia kile Kiswahili cha Nyamwaga, wakazidi kumshuku.

Hata Bernadetha alicheka hapo. Mseti anajulikana, akiongea Kiswahili unasikia Kikurya kinasukuma maneno kutoka nyuma.

Karasha akaona anapitwa. Akaimeza kashata yote.

— Nyie watu mnasahau kazi ya huyu mtu, alisema kwa sauti ya chini. Mseti ana pua ya mwamba. Alipofika huko kilomita ya ishirini na kitu, akasikia harufu ya mwamba wa dhahabu chini ya lami. Mchimbaji akikaa chini barabarani usiulize kama amechoka, uliza ameona nini. Yale masaa mawili alikuwa anapima. Atarudi na udongo kwenye soksi, na mwezi ujao kijiwe hiki chote tutahamia Nairobi na sululu zetu.

— Na wenyewe watakubali muichimbe barabara yao?

— Penye nia pana njia. Na njia yenyewe si ndiyo hiyo tutakayoichimba.

Tulikuwa tunaelekea kukubaliana na Karasha, kwa sababu maneno ya dhahabu hapa huwa hayapingwi haraka. Lakini Pasipoti hakuwa anacheka tena. Alikuwa anaangalia kikombe chake.

— Au alipanda gari tu, alisema. Akachoka, akapanda gari, akashukia karibu na mwisho. Yule ni mtu wa kwenda zake. Akishapata lake, hageuki nyuma.

Bernadetha akaacha kupepea jiko.

— Otieno, alisema. Hapana.

Bernadetha akimwita mtu wa kijiweni kwa jina lake la kweli, ujue utani umefika mwisho.

Inabidi nieleze hapa, maana mgeni hawezi kujua. Miaka mitano iliyopita, wakati wa masika, watu walikuwa wanamiminika huku kutoka kila mkoa kwa sababu kulikuwa na mwamba mpya umeonekana. Duara walilokuwa wameshukia Mseti na Karasha lilibomoka mdomoni, wao wakiwa chini. Walikaa mle siku nzima, na usiku, na asubuhi iliyofuata. Tulichimba watu kama ishirini, kwa majembe, kwa sululu, na tulipoanza kusikia sauti zao tukachimba kwa mikono ili tusiwaangushie mawe. Pasipoti hakuwa mchimbaji. Siku hiyo alikuwa amepita tu kutafuta wanunuzi wa mahindi, akavua shati akaingia. Jiwe lilimponda kidole cha kati cha mkono wa kulia, na hadi leo kidole hicho hakikunjiki. Tulipopata tundu tukashusha kamba. Karasha alitoka akilia kama mtoto, akatukumbatia mmoja mmoja, mpaka na askari aliyekuja kuandika majina. Mseti alitoka, akaifungua kamba kiunoni, akatupita. Hakusema neno. Alitembea mpaka barabarani, na alipoifikia akaanza kukimbia.

Ndiyo mara ya kwanza tulimwona Mseti akikimbia. Tangu hapo hakuacha. Na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilitaja lile duara, wala Pasipoti hakuwahi kumuuliza. Wamekaa benchi moja miaka mitano, wakipokezana birika. Ila kila Pasipoti alipomtania Mseti, utani wake ulikuwa na mfupa ndani.

Basi Bernadetha alikuwa hajaanza tena kupepea jiko bodaboda ilipofika. Mseti aliteremka kwa upande, taratibu, kwanza mguu mmoja, halafu akausubiri mwingine. Alitembea kama ng'ombe aliyetoka mnadani Mugumu kwa miguu. Shingoni hakuwa na medali. Alitusalimia, akamwamkia Bernadetha shikamoo, ingawa wanapishana miaka michache tu, akaketi huku ameshika benchi kwa mikono miwili.

— Marahaba, pole na safari, alisema Bernadetha, akampa kahawa.

— Umekutana na mwamba? aliuliza Karasha.

— Mwamba gani?

— Au harusi?

Mseti akatutazama mmoja mmoja, akaelewa.

— Mmekaa mnanisema toka Jumapili, alisema.

— Toka Jumatatu, nikamwambia. Jumapili tulikuwa tunahuzunika.

Akanywa kahawa yote kwanza. Mseti si msemaji. Nakumbuka alianza akiangalia jiko, sio sisi, ingawa alituita mura, kijana kwa Kikurya.

— Watu walikuwa maelfu, mura. Mnajua mnada ulivyo, ng'ombe wamebanwa hakuna pa kugeuza pembe. Ndivyo tulivyosimama. Hakujapambazuka vizuri, mbele sioni, nyuma sioni. Pumzi ikaanza kunikatika hata kabla ya kukimbia. Nilitaka kutoka. Ningetoka, ila hakukuwa na njia ya kutokea. Ikalia baruti, watu wakasogea, nikapata hewa, nikaondoka. Nilikimbia kama ninafukuzwa. Nikawa napita watu tu. Hilo ndilo kosa. Mama mdogo aliniambia usipite watu, nikasema yeye anajua nini.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Karasha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa ameipatia methali.

— Kilomita ya ishirini na saba magoti yakawa ya mtu mwingine. Nayaambia twende, hayanisikii. Nikatembea. Nikajaribu tena kukimbia, nikaona barabara inainama. Nikafika mahali kuna ukingo wa saruji, nikakaa. Nikasema nikae dakika moja. Nilikaa nusu saa.

— Bila chai? aliuliza Pasipoti, lakini hakumtazama.

— Bila chochote. Nilikuwa nawawaza nyie. Nilijua mtasema. Nikaona basi jeupe linakuja kwa mbali, taratibu, lile linalokusanya walioshindwa. Linakwenda kwa mwendo wa masaa sita, likikufikia ukiwa bado uko barabarani unapanda. Nikasema vizuri, nalingoja, nipande.

Bernadetha akamwongezea kahawa.

— Wakaja watu wawili. Mmoja kijana, mwingine mtu mzima, anakaribia hamsini. Wamefungana kamba fupi mkononi, hivi, huyu hapa na huyu hapa. Yule kijana anachechemea, akafika pale akakaa chini, paja limemkaza kabisa, hata kulinyoosha hawezi. Yule mkubwa akabaki amesimama. Anaangalia juu. Ndipo nikajua haoni. Akasema, nani huyo amekaa hapo, nasikia mtu anahema. Nikasema ni mimi. Akasema, wewe umeumia? Nikasema hapana, nimechoka. Akasema, basi kama umechoka tu, simama unishike hii kamba, mpwa wangu ameumia.

— Hivyo tu? aliuliza Bernadetha.

— Hivyo tu. Hakuomba. Alisema kama mtu anayekuambia sogea nikae. Nikamwambia mzee, mimi si mwenyeji hapa, mji huu siujui, ni mara yangu ya kwanza. Akacheka. Akasema, mji ninaujua mimi. Nilikuwa konda kwenye barabara hii miaka saba kabla macho hayajazima. Wewe niambie tu palipo na shimo.

Mseti mwenyewe akatabasamu kidogo.

— Anaitwa Muthoka. Mkamba. Tukaondoka. Nikimwambia tuta, anainua mguu. Nikimwambia maji yamemwagika, anakuja upande wangu. Na yeye ananiambia mji. Anasikia ngurumo za magari, anasikia upepo unavyopita kwenye majengo, anasema sasa tunakaribia Imara, upande wa kushoto kuna kituo, pale palikuwa na mama anauza maharage, yupo? Naangalia, namwambia kuna duka la simu. Anasema, sawa, watu wanahama. Tukifika kituo kingine anakiita kwa sauti yake ya zamani, anawaita abiria. Watu wa pembeni wanacheka, wanatupigia makofi. Nikasahau magoti. Sisemi yalipona. Nilisahau tu kuyauliza.

— Mlikuwa mnakimbia au mnatembea? nikauliza, maana viatu vile nilivishona mimi na nilitaka kujua habari zake.

— Tunakimbia hatua mia mbili, tunatembea mia. Anazihesabu yeye. Na tena, alisema Mseti, akamwangalia Pasipoti kwa jicho la pembeni, aliniuliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia Tarime. Akasema, ndiyo maana Kiswahili chako kimenyooka namna hii.

Benchi zote mbili zilicheka, na Karasha alipaliwa. Pasipoti alijaribu kukaza uso akashindwa.

— Huyo kweli haoni, alisema Pasipoti, lakini masikio nayo yamewahi kupimwa?

Mseti akacheka pia. Halafu kicheko kikamwisha, akaweka kikombe chini.

— Karibu na mwisho, zimebaki kilomita tatu hivi, barabara inaingia chini ya barabara nyingine. Shimo refu. Hatua mia na zaidi. Ndani taa hazikuwa zinawaka, na mwisho wake unaona weupe mdogo kama sahani. Nilifika mdomoni pale nikasimama.

Karasha aliacha kutafuna.

— Miguu ilikuwa inaweza. Nilikataa mimi. Nilisikia ule ubaridi unaotoka ndani. Mnaujua. Nikamwambia mzee, tungoje kidogo. Tukangoja. Watu wanatupita, wanaingia, wanapotea. Tukangoja tena. Akaniuliza, kuna nini mbele? Nikasema kuna giza. Akasema, giza tu? Nikasema giza tu. Akaniuliza taratibu, uliwahi kufungiwa mahali? Sikujua ameshikia wapi. Labda kwenye ile kamba, mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mura, pale pale barabarani, mtu nisiyemjua, na basi jeupe naliona linakuja. Duara, maji yaliyokuwa yanapanda magotini, na namna nilivyokuwa nashika sikio la Masanja ili nijue bado yupo.

Karasha akaligusa sikio lake la kushoto. Sidhani alijua kwamba amelishika.

— Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kijana, mpaka hapa nimekuja kwa macho yako. Humu ndani wewe na mimi tuko sawa, ila mimi nimezoea. Badilisha mkono. Mimi natangulia. Akageuza kamba, akasimama mbele, akapiga kofi moja, akasikiliza sauti inavyorudi. Akasema ukuta uko kulia, twende. Nilifumba macho. Sikuona haja ya kuyafumbua. Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mimi namfuata nyuma nimeshika ile kamba kama mtoto. Alipofika mia na kumi na nne nikahisi jua usoni. Akasema, fumbua, sasa zamu yako.

Bodaboda zilipita mbili, zikatimua vumbi. Tukaliacha litulie.

— Tulifika uwanjani zimebaki dakika nane. Masaa matano na dakika hamsini na mbili. Basi lile liliingia nyuma yetu. Medali tulivishwa wote. Yangu nimempa yule mpwa wake. Tulimkuta pale, wamemleta na gari, analia kwamba amemwangusha mjomba.

— Ulimpa medali yako? alisema Karasha.

— Kilomita thelathini alizivuta yeye. Mimi kumi na mbili.

— Sasa sisi tutaona nini? aliuliza Pasipoti, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

— Ngoja, alisema Mseti. Hicho ndicho nilichokuja nacho. Yule mzee, tulipovuka tu mstari, jasho halijakauka, alinishika mkono akanishukuru. Akamshukuru mpwa wake. Msichana mmoja akatuletea maji, akamuuliza jina, akamshukuru kwa jina. Kila mtu. Nikamwambia mzee pumzika kwanza, watu wapo. Akaniambia, wewe unaweza kungoja, utaniona kesho sokoni ukanikumbuka. Mimi sioni sura. Mtu akinisaidia nisipomshukuru akiwa hapahapa, akiondoka hatua tatu nimempoteza.

Mseti akageuka pale kwenye benchi. Ilimchukua muda, kwa sababu ya miguu. Akamtazama Pasipoti.

— Kaka Otieno, alisema. Nipe huo mkono.

Pasipoti hakuutoa. Ulikuwa umeshika kikombe, kile kidole kimesimama peke yake pembeni kama kawaida yake.

— Wa nini?

— Siku ile nilipotoka, niliwapita. Niliwaona. Nilikuona wewe umefungwa shati mkononi, limelowa damu. Niliona kila mtu. Ila nilijua nikisimama niwatazame, nyuma yenu nitaliona shimo. Nikasema niende kwanza nipate hewa, nitarudi niseme. Nikakimbia. Kesho yake nikasema kesho. Halafu ikawa mwezi. Halafu nikaona aibu, nikasema sasa nitaanzaje. Nimekaa na wewe hapa miaka mitano, na uko karibu hivi, na nimekupoteza.

Akaunyoosha mkono wake kwake.

— Asante kwa kunitoa. Na wewe Gundi, asante. Bernadetha, wewe ulileta uji, nilikusikia ukisema nimpe nani, nimpe nani, asante. Masanja, asante kwa sikio.

Mimi nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi, na sindano, na nilishona mshono mzima pasipo uzi. Karasha alikuwa anajifuta uso kwa kofia. Pasipoti aliweka kikombe chini, akautazama mkono wake pande zote mbili kama anaukagua, halafu akampa Mseti. Mseti akaushika kwa mikono yake miwili, hakukitazama kidole, aliushika tu.

— Omera, alisema Pasipoti, yaani ndugu kwa Kijaluo chao. Omera, umekwenda mpaka Nairobi kutafuta neno moja?

— Ndiyo.

— Lilikuwa linapatikana hapa Nyamongo.

— Sikuliona.

Pasipoti akavuta pumzi. Nilidhani atatoa methali, na nilimwona kabisa akiitafuta. Hakuipata.

— Mimi nilifikiri ulikuwa hututaki, alisema. Nilifikiri unaona tulichelewa.

— Mliwahi, alisema Mseti. Maji yalikuwa yamefika kifuani.

Wakakaa hivyo. Hakuna aliyeharakisha kuachia. Ni Karasha aliyeingilia kati, kwa jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea.

— Nyie kila siku mnanicheka kwamba choo changu hakina mlango, alisema. Mnasema Msukuma mvivu. Mbao ninazo. Bawaba ninazo, nilinunua. Zipo chini ya kitanda mwaka wa tano huu. Nikiuegesha tu ule mlango, nikaona mwanga unapungua, natoka mbio na suruali mkononi.

Nusu yetu tulikuwa tunacheka na nusu tunalia, na nadhani tulikuwa tunabadilishana. Mseti akamwambia:

— Jumapili tutakuja tuufunge. Mimi nitakaa nje ya mlango nahesabu. Wewe ingia.

— Uhesabu mpaka ngapi?

— Mpaka uniambie inatosha.

— Na mimi nitakuja, alisema Pasipoti. Nitashika misumari. Kidole hiki kinafaa kwa misumari, hakikunjiki.

Hapo hata Bernadetha alikaa, yeye ambaye hakai. Alijimiminia kahawa yake mwenyewe, akamwaga tone moja chini, akasema tumshukuru Mungu na yule Muthoka huko aliko, na tukaitikia, Pasipoti kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa, tulikuwa hatujamwona Mwalimu Veneranda. Ni mgeni, amehamia shule ya hapa mwezi huu kutoka Kagera, na alikuwa amekuja kuniletea kandambili ya ngozi iliyokatika mkanda. Kumbe alikuwa amesimama nyuma ya jiko muda mrefu, kandambili mkononi, mguu mmoja peku, akisubiri tumalize ili asitukatishe. Alituamkia, tukampisha kwenye benchi. Alimpa Mseti pole na hongera.

— Nimesikia sehemu kubwa, alisema. Ni habari nzuri sana. Ila nilichelewa mwanzo. Sasa hizo mbio, mshindi alikuwa nani?

Tukatazamana.

Karasha alimwangalia Pasipoti. Pasipoti akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Mseti.

— Mkenya, alisema Pasipoti.

— Mkenya gani?

Karasha akaichukua simu, akausoma tena ule ujumbe wa mistari miwili, wa kwanza, wa pili, akaugeuza kana kwamba kuna mwingine mgongoni.

— Mwalimu, alisema Mseti hatimaye, mimi nilipofika walikuwa wanakunja mahema. Sikukumbuka kuuliza.

— Hakuna hata mmoja aliyeuliza? Toka Jumapili?

Tulifikiri kwa bidii. Bernadetha akainua birika amimine, likatoa matone mawili na mashapo ya kahawa.